Binti wa Marseille na Kijineno "Se"

Paukwa! Pakawa!

Hapo zamani, mjini Marseille, kusini mwa Ufaransa, mji unaosifika kwa sabuni ya mafuta ya zeituni, waliishi mama na bintiye. Kila asubuhi mama alimwosha mtoto. Kwa Kifaransa: la mère lave la fille. Mama anaosha, binti anaoshwa.

Siku moja binti akaikamata ile sabuni, akasema amekuwa mkubwa, ataoga mwenyewe. Hapo sentensi ikageuka: la fille se lave. Mmeona kijineno se? Hicho ndicho kinachoirudisha kazi kwa yule yule aliyeifanya. Na ninyi mnacho, wajukuu zangu: ni "ji" ya kujiosha, kujikata, kujificha.

Ila "ji" yetu haiulizi mtenda ni nani. Ninajiosha, unajiosha, wanajiosha, yenyewe iko vile vile. Ya Wafaransa humfuata mtenda: je me lave, tu te laves, elle se lave, nous nous lavons, vous vous lavez, elles se lavent. Msidhani nous imerudiwa kwa makosa. Ya kwanza ni sisi tunaoosha, ya pili ni sisi tunaooshwa. Na mbele ya irabu, me, te na se hupoteza irabu zake: je m'appelle, yaani ninaitwa.

Sasa tegeni masikio, maana hapa ndipo ninapopapenda. Mama na binti wakasimama mbele ya kioo. Elles se regardent. Je, kila mmoja anajitazama, au wanatazamana? Sentensi hiyo peke yake haisemi! Se hubeba kazi ya "ji" yetu na ya "ana" yetu pia. Mfaransa akitaka kuondoa shaka huongeza l'une l'autre, yaani mmoja na mwenzake. Kiswahili kilizitenga kazi hizo mbili tangu mwanzo: kujipenda ni kimoja, kupendana ni kingine. Basi mkikutana na se, jiulizeni kwanza mngesema "ji" au "ana".

Vitenzi vyenye se, vikisimulia jambo lililokwisha kutendeka, husaidiwa na kitenzi être: elle s'est lavée. Ile e ya mwisho yatuambia aliyeoshwa ni wa kike. Lakini akiosha mikono tu, huandikwa elle s'est lavé les mains, bila e hiyo, kwa sababu kilichooshwa ni mikono, nayo imetajwa baada ya kitenzi.

Binti alipomaliza akaenda zake shuleni: elle s'en va. Huko akakumbuka kwamba ameisahau taulo sakafuni: elle se souvient. Katika kuondoka na kukumbuka hamna "ji" wala "ana", hata mkichungulia vipi. Vitenzi vya namna hiyo vikaririni pamoja na se yake, s'en aller, se souvenir, tangu siku ya kwanza mnapokutana navyo.