Jina la Bibi kwa Msichana wa Chuo

Mzee wa miaka sabini anapiga simu kuulizia nyaraka zake. Anaambiwa atahudumiwa na Leokadia. Simu inapopokelewa anaanza kwa heshima zote: "Shikamoo mama." Upande wa pili kuna binti wa miaka 24 aliyemaliza chuo juzijuzi. Aitikie marahaba? Anyamaze? Wengi hukimbilia "shikamoo" yao juu ya ile ya mzee, na salamu mbili zinagongana hewani.

Jina linaweza kumzeesha mtu hivyo kwa sababu majina huenda kwa mawimbi. Juma halizeeki. Maria nalo halizeeki, maana kila kizazi kina akina Maria wake, wazee kwa watoto wachanga. Jina linalozeeka ni lile lililovuma kwa kizazi kimoja tu kisha likaachwa: wenyewe wanapofika ubibi na ubabu, linafika nao.

Majina mengi ya namna hiyo Tanzania yalitoka misheni. Wabenedikto wa St. Ottilien walifika kutoka Ujerumani mwaka 1888, wakaanzisha Peramiho mwaka 1898 na Ndanda mwaka 1906. Walikuja na watakatifu wao. Skolastika, kwa mapokeo, ni dada pacha wa Benedikto mwenyewe, na sikukuu yake ni Februari 10. Mtoto wa kike aliyebatizwa Songea karibu na tarehe hiyo mara nyingi alikuta jina limeshamsubiri kwenye kalenda ya padri. Ndivyo walivyopatikana akina Pankrasi wa mwezi Mei na akina Bonifasi wa Juni. Baadaye wazazi waliacha kuuliza kalenda, wakaingia akina Happiness na Gladness, na sasa akina Brayan. (Hao nao wataitwa mababu, tusubiri tu.)

Kinachozuia majina ya zamani yasipotee ni desturi ya kurithisha. Kwa Wachaga, mtoto wa kiume wa kwanza huchukua jina la babu mzaa baba, na wa pili la babu mzaa mama. Wagikuyu wa Kenya wana utaratibu kama huo. Hapo ndipo mwenye jina la kizamani anapokula faida. Baba humwita mwanawe "baba", na binti aliyepewa jina la bibi huitwa "mama" tangu akiwa mgongoni. Mkwe aliyezoea kutolitamka jina la baba mkwe hawezi kulipayuka jikoni eti kwa sababu mtoto kamwaga uji. Nyumba nyingine humtafutia mtoto jina la pili la kumkemea nalo! Shuleni pia kuna nafuu: darasa lenye akina Glory wanne lina Pudensiana mmoja, na mwalimu hatamsahau.

Hasara kubwa, kwa maoni yangu, si utani wa wenzake. Ni herufi. Padri aliandika Scholastica kwenye cheti cha ubatizo, karani akaandika Skolastika kwenye cheti cha kuzaliwa, na shule ikaja na Skolastica. Benki inaona watu watatu. Mwenye jina anaishia kwa wakili kuapa kwamba wote hao ni yeye, na hati ya kiapo haitolewi bure. Akina Juma hawaujui usumbufu huu.

Mzazi anayetaka kumrithisha mtoto jina la bibi asiogope jina. Achague tahajia moja kabla ya kwenda kusajili, asome cheti cha kuzaliwa pale pale dirishani kabla hajaondoka, kisha akipeleke hicho hicho parokiani na shuleni. Katekista naye aombwe anakili kilichoandikwa humo, herufi kwa herufi, hata kama kitabu chake cha watakatifu kinaandika vingine.