Saratani za uzazi: Mwanamke wa Toi ataanzia wapi kutafuta msaada?

UMBALI kutoka vibanda vya Soko la Toi hadi Hospitali Kuu ya Kenyatta haufiki kilomita tano. Hata hivyo, kwa mwanamke anayeuza mitumba au mboga sokoni humo, na ambaye ameanza kutokwa na damu isiyo ya kawaida, safari hiyo fupi huweza kumchukua miezi mingi. Kinachorefusha njia si nauli ya matatu. Ni kutojua anaugua nini, amwulize nani, na kibanda chake kitafunguliwa na nani siku ambayo yeye atakuwa kwenye foleni.

Makadirio ya shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, ya mwaka 2020 yalionyesha kwamba wanawake 5,236 nchini Kenya walipatikana na saratani ya mlango wa kizazi mwaka huo, na 3,211 wakafariki kutokana nayo. Hivyo ni vifo vitatu kwa takriban kila wagonjwa watano, ilhali ugonjwa huu ni miongoni mwa saratani chache ambazo huweza kuonekana na kuzuiwa kabla hazijawa saratani. Wengi hufika hospitalini wakiwa wamechelewa, na kuchelewa huko huanza na uhaba wa maelezo.

Uhaba wenyewe huanzia kwenye maneno. Mwanahabari mmoja ataandika saratani ya uzazi, mwingine kansa ya njia ya uzazi, wa tatu saratani ya nyumba ya uzazi, na wote wakawa wanazungumzia ugonjwa uleule, au magonjwa matatu tofauti. Sisi tunaohariri magazeti tumechangia mkanganyiko huu. Kuna saratani ya mlango wa kizazi, yaani ile sehemu nyembamba inayounganisha uke na mji wa mimba. Kuna ya mji wa mimba wenyewe. Kuna ya ovari, ambako mayai ya mwanamke hukomaa. Ziko pia za uke na za sehemu za nje, ambazo ni nadra zaidi. Dalili zake si sawa, vipimo vyake si sawa na tiba zake si sawa. Mama aliyeambiwa tu kwamba ana "kansa ya uzazi" hajaambiwa kitu anachoweza kukitumia.

Saratani ya mlango wa kizazi huanza kimyakimya. Ikisharipuka, huleta damu baada ya tendo la ndoa, damu katikati ya hedhi mbili, uchafu wenye harufu mbaya, au maumivu ya kiuno na nyonga. Ile ya mji wa mimba aghalabu hujitokeza kwa wanawake waliokwisha kukoma hedhi, na ishara yake kuu ni damu kurejea. Sokoni utasikia mtu akisema kwa furaha kwamba ujana umemrudia. Damu ya aina hiyo, hata ikiwa tone moja, ni sababu tosha ya kumwona daktari. Ovari ndizo hudanganya kuliko zote: tumbo kujaa gesi, kushiba upesi, kwenda haja ndogo mara kwa mara. Nani asiyedhani hizo ni vidonda vya tumbo? Profesa Wangari Maathai, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Amani ya mwaka 2004, alifariki Septemba 2011 kutokana na saratani ya ovari. Hadi leo hakuna kipimo cha kuaminika cha kuwapima wanawake wote wasio na dalili ili kuigundua mapema, na kipimo cha mlango wa kizazi hakiioni. Hili halisemwi vya kutosha.

Kwa mlango wa kizazi, vipimo vipo na ni vyepesi. Muuguzi huweza kupaka siki iliyozimuliwa kwenye mlango wa kizazi na kutazama kama kuna sehemu inayogeuka nyeupe. Jibu hupatikana papo hapo. Kuna kipimo cha Pap, ambapo chembechembe hukwanguliwa na kupelekwa maabara. Na kuna kipimo cha kirusi cha HPV, ambacho mwanamke anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe kwa kijiti chenye pamba. Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza mwanamke aanze kupimwa akiwa na miaka 30, na anayeishi na virusi vya Ukimwi aanze akiwa na 25, kwa kuwa uwezekano wake wa kupata saratani hii ni mara sita zaidi. Mwenye kibanda Toi anaweza kuulizia huduma hiyo katika vituo vya afya vya kaunti vilivyo Kibera, katika Hospitali ya Mbagathi, au, kama anaishi upande wa Kawangware, katika Kituo cha Afya cha Riruta. Swali la kuuliza mapokezini ni moja: kupimwa mlango wa kizazi hufanywa siku gani? Kupoteza siku mbili za biashara kwa kwenda siku isiyofaa ndiko huwafanya wengi wasirudi.

Kipimo kikionyesha dosari, hiyo bado si hukumu ya saratani. Mabadiliko ya awali huweza kugandishwa au kuchomwa, mara nyingi katika ziara moja, na mama akarudi kazini. Kinachothibitisha saratani ni kipande kidogo cha nyama kukatwa na kuchunguzwa maabara. Ripoti ya uchunguzi huo ndiyo karatasi yenye thamani kuliko zote atakazopewa, kwani hakuna daktari atakayeanza tiba bila kuiona. Atengeneze nakala kadhaa, apige picha kwa simu, na asiiweke kibandani. Wafanyabiashara wa Toi hawahitaji kuelezwa kwa nini: soko lao liliteketezwa katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, na mnamo Oktoba 2024 moto ulizuka tena na kuua watu.

Siku ya kupewa majibu, mgonjwa asiende peke yake. Hofu huziba masikio, na mwenzake atakumbuka yale ambayo yeye hakuyasikia. Wamwulize daktari ugonjwa uko katika kiungo gani, umefika hatua ya ngapi, tiba ni upasuaji, mionzi au dawa, na kama bado ataweza kuzaa. Wana haki ya kuomba waelezwe kwa Kiswahili. Daktari aliyesomea mambo haya kwa Kiingereza huenda akasitasita kutafuta maneno, lakini na asite. Mwili unaozungumziwa si wake.

Tiba ya saratani ya mlango wa kizazi iliyokwisha kusambaa kidogo kwa kawaida ni mionzi kila siku ya kazi kwa muda wa wiki tano hivi, pamoja na dawa ya kemikali mara moja kwa wiki, kisha mionzi ya ndani. Kwa mtu wa mshahara hiyo ni likizo ya ugonjwa. Kwa mwuza nguo ni wiki tano za kibanda kilichofungwa, wateja waliohamia kwa jirani na robota lililonunuliwa kwa mkopo. Hapa ndipo chama cha wanawake sokoni huwa na thamani kuliko kipeperushi chochote. Kupokezana kumwuzia mwenzao bidhaa asubuhi na kumpelekea hesabu jioni ni msaada wa kitabibu, japo hauandikwi kwenye faili. Anayekatiza mionzi katikati ili akauze hupunguza nafasi yake ya kupona.

Kwa miaka mingi Kenyatta ndiyo iliyokuwa hospitali ya pekee ya umma yenye mashine za mionzi, na foleni zake zilijulikana nchi nzima. Sasa kuna pia Hospitali ya Rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, iliyofunguliwa 2019, na vituo vya Mombasa, Nakuru na Garissa.

Kuhusu fedha, Bima ya NHIF ilikoma na nafasi yake ikachukuliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) Oktoba 2024. Mpango huo ulipoanza, familia moja iliwekewa Sh400,000 kwa mwaka kwa tiba ya saratani, na Sh150,000 zaidi kutoka hazina ya magonjwa sugu. Viwango hivi hurekebishwa, kwa hiyo kilichopo kiulizwe kabla ya tiba kuanza. Ugumu kwa watu wa soko uko kwingine. Mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara kila mwezi, ilhali asiyeajiriwa hukadiriwa mapato yake na kutakiwa kulipia mwaka mzima kwa pamoja, kwa kiwango kisichopungua Sh300 kwa mwezi. Mtu anayehesabu faida yake kwa siku huona malipo ya mwaka kuwa mlima. Kujisajili baada ya kuugua kunawezekana, ila ni kutafuta fedha wakati ambapo hakuna mwenye nguvu ya kuzitafuta.

Nje ya wadi, msaada upo. Nairobi Hospice, iliyoanzishwa 1990, iko jirani na Hospitali ya Kenyatta, na kazi yake ni kutuliza maumivu na kuisaidia familia. Jina lake huwatisha watu wakadhani ni mahali pa kwenda kufia. La hasha, mgonjwa anaweza kusaidiwa hapo huku akiendelea na tiba. Faraja Cancer Support Trust, lililoanza 2010, hutoa ushauri nasaha kwa wagonjwa na lina mfuko wa kuwasaidia wasiojiweza kugharimia tiba. Hospitali kubwa za umma nazo zina maafisa wa ustawi wa jamii, ambao wagonjwa wengi huwajua siku ya kudaiwa tu. Ni vyema kuwatafuta siku ya kwanza.

Linabaki suala la aibu. Kwa sababu HPV huenezwa kwa kujamiiana, wapo waume wanaoichukua saratani hii kuwa ushahidi wa uasherati. Ukweli ni kwamba watu wengi waliowahi kujamiiana hukipata kirusi hiki wakati fulani, nao mwili huweza kukiondoa wenyewe. Saratani hutokea kwa wachache, miaka 10 hadi 20 baadaye. Haiwezekani kujua nani alimwambukiza nani. Kenya ilianza kuwachanja wasichana wa miaka 10 dhidi ya kirusi hiki Oktoba 2019, na mama anayetibiwa ana sababu ya kumuulizia binti yake chanjo hiyo katika kituo kilekile.

Baada ya mionzi, mwanamke ambaye bado hajakoma hedhi huikoma ghafla, na joto la mwili, kukosa usingizi na ukavu wa uke hufuata. Uke wenyewe huweza kusinyaa na tendo la ndoa likawa la uchungu. Wengi hudhani hayo ni ugonjwa uliorudi, nao hunyamaza. Yana tiba, ikiwa ni pamoja na vifaa vya kuupanua uke taratibu na vilainishi, na mahali pa kuyauliza ni kliniki ya ufuatiliaji, ambayo katika miaka miwili ya kwanza huwa kila baada ya miezi mitatu hadi sita.