Mwendokasi: Mizani Yake ni Mama Mwenye Mtoto



Alfajiri, baada ya swala, huwa tunasimama kando ya barabara kuu hapa Ramisi, sisi na kina mama wenzetu, kungojea matatu itokayo Lunga Lunga kwenda Likoni. Mmoja amembeba mtoto mgongoni; mwingine ameshika kadi ya kliniki ya Mombasa, naye ameambiwa awahi. Gari hufika limejaa. Mwenye nguvu ndiye anayetangulia, na mama mwenye buibui na mtoto hukanyaga kidato ilhali gari limekwisha kuanza kusogea. Tukifika Likoni, twangoja tena feri. Taabu hii tumeizoea hata tumeidhania kuwa ndiyo safari yenyewe.

Hata hivyo, wengi wetu tuna jamaa Dar es Salaam, na tukivuka mpaka wa Horohoro kwenda kuwazuru, twaona namna nyingine. Huko mabasi ya mwendokasi yalianza kazi mwezi wa Mei 2016, katika njia ya kilomita 21 hivi, kutoka Kimara hadi Kivukoni, pamoja na matawi ya Morocco na Gerezani.

Siri ya mwendokasi si injini yenye nguvu. Kwanza, basi limetengewa njia yake katikati ya barabara, wala halishindani na magari mengine. Pili, nauli hulipwa kituoni kabla ya kupanda. Tatu, jukwaa la kituo limelingana na sakafu ya basi, hivyo mzee mwenye mkongojo na mlemavu mwenye kiti cha magurudumu huingia bila kuinuliwa wala kuvutwa mkono na mtu asiye maharimu wake. Kwetu sisi, hilo la tatu si jambo dogo. Ni sitara na heshima.

Fikra hii ina umri. Mji wa Curitiba, huko Brazil, uliianza mwaka 1974, chini ya meya Jaime Lerner, aliyekuwa msanifu majengo. Hazina ya mji haikutosha kuchimba reli ya chini ya ardhi, basi wakayapa mabasi hadhi ya treni. Bogotá ikafuata mwaka 2000, Lagos mwaka 2008, na Johannesburg mwaka 2009. Mwaka 2024 Dakar, mji mkuu wa Senegal, ulianzisha mwendokasi wa mabasi ya umeme. Miji inavutiwa kwa sababu ile ile: watu wanaongezeka, barabara haziongezeki, na basi moja lililojaa hubeba watu ambao wangehitaji magari madogo kadhaa wa kadhaa.

Lakini tusisifu mvua kabla ya kuangalia paa. Dar es Salaam yenyewe imeonja machungu. Karakana ya mabasi ilijengwa Jangwani, katika bonde la mto Msimbazi, na mafuriko yakaiingia mara kwa mara, mabasi yakaharibika na safari zikasimamishwa. Mabasi nayo yalipopungua, abiria walirundikana vituoni, na ule msukumano ulioondolewa barabarani ukarejea mlangoni mwa basi. Nani aliumia zaidi? Yule yule mama mwenye mtoto. Kumbe njia nzuri bila mabasi ya kutosha ni kama kisima chenye ukingo wa marumaru kisicho na maji.

Jirani yetu Nairobi ana funzo lake. Mwaka 2018 mstari mwekundu ulipakwa katika barabara ya Thika kutenga njia ya mabasi hayo. Rangi ilionekana, mabasi hayakuonekana. Umma ukajifunza kwamba rangi haibebi abiria.

Basi sisi wa Kwale yatuhusu nini? Hatudai mabasi marefu yaje Ramisi kesho; abiria wa hapa si wengi kiasi hicho. Lakini yale yanayomhifadhi mnyonge hayahitaji mji mkubwa. Kituo chenye kivuli na jukwaa la kukanyagia chawezekana Ramisi, Msambweni na Ukunda. Foleni yenye utaratibu, wazee na wajawazito wakitangulia, haihitaji mkopo wa benki. Nauli inayojulikana kabla ya kupanda, isiyopanda pamoja na mvua, yahitaji uadilifu tu. Na siku Mombasa itakapopanga njia za mabasi makubwa, wanaovuka Likoni kila siku wakumbukwe tangu mwanzo, kwani safari yao haianzii wala haiishii kisiwani.

Kuondoa udhia njiani tumefundishwa kuwa ni sehemu ya imani. Basi vikao vya wananchi vya mipango ya kaunti vinapoitishwa, kina mama tusiwaachie wanaume peke yao viti vya mbele. Twende, tuseme tunavyosafiri. Na asubuhi ya kesho, kabla ya yote hayo, tumpishe mwenye mtoto atangulie.