Vurra, Ambako Kichwa Ndicho Habari Nzima

Chukua kichwa hiki. Nimekitunga mwenyewe, lakini mwenye simu yeyote atakitambua: "MAAJABU MPAKANI VURRA! Alichokutwa nacho mama huyu hutaamini!" Ukifungua, unakuta mama aliyezuiwa forodhani na madumu matatu ya mafuta ya kula ambayo hayakulipiwa ushuru. Habari ina aya nne, mbili zinarudia kichwa, na picha iliyowekwa ni ya lori lililopinduka mahali pengine kabisa.

Tuanze na ufundi wake, maana ufundi upo. Katika mazungumzo ya kawaida husemi "mama huyu" kabla hujamtaja au kumnyooshea kidole. Kichwa kinasema "huyu" na kukuacha umtafute. Ndiyo sababu vichwa vya namna hii vimejaa "huyu", "hiki", "haya" na "hapa". Mwaka 1994 mwanauchumi wa Marekani, George Loewenstein, aliandika kwamba udadisi huzaliwa pale mtu anapotambua pengo kati ya anachokijua na anachotaka kukijua, na pengo hilo humsumbua hadi alizibe. Wachapishaji wa mitandaoni hawakuhitaji kumsoma, waliliona kwenye takwimu zao wenyewe. Mwaka 2023 jarida la Nature Human Behaviour lilichapisha utafiti juu ya vichwa zaidi ya laki moja vya Upworthy, tovuti iliyosifika kwa kujaribu vichwa kadhaa kwa habari moja. Kila neno la ubaya lililoongezwa kwenye kichwa cha urefu wa wastani lilipandisha kiwango cha kubofya kwa asilimia 2.3. Ukiwa na wasomaji mia, hiyo si kitu. Ukiwa nao milioni kumi, ni mishahara ya chumba kizima cha habari.

Uchambuzi mwingi huishia hapo: msomaji ana udadisi, mchapishaji ana tamaa, basi. Kwa aliyekaa ofisini Kampala au Nairobi penye waifai, maelezo hayo yanatosha. Amedanganywa, amefungua, amesonya, amefunga. Mpakani hesabu ni nyingine.

Vurra ni kituo cha forodha nchini Uganda, kusini mwa mji wa Arua, na ndipo inapoanzia ile barabara ya kilomita 92 inayopita Arua na Koboko hadi Oraba, jirani na Sudan Kusini. Ukivuka kizuizi umeingia Kongo, upande wa Aru, jimbo la Ituri. Madereva wa malori, vijana wa bodaboda, wabadilishaji fedha wenye shilingi mkono huu na faranga mkono ule, akina mama wa muhogo na samaki wakavu, wengi wao wana simu, na bando wanalonunua ni la siku au la saa chache. Julai 2018 serikali ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa kila anayetumia mitandao ya kijamii. Katika barua ya Machi mwaka huo Rais Museveni alikuwa amelalamikia "lugambo", umbea wa mitandaoni. Julai 2021 kodi hiyo iliondolewa, ikaja nyingine ya asilimia 12 juu ya data yenyewe. Facebook nayo ilifungwa wakati wa uchaguzi wa Januari 2021, na tangu hapo aliyeitaka amelazimika kupitia VPN, ambayo nayo inakula MB.

Kwa hiyo watu hawafungui. Mmoja mwenye bando anapiga picha ya skrini ya kichwa, anaitupia kwenye kundi la WhatsApp, na kutoka hapo kichwa kinasafiri peke yake, bila kiungo, bila tarehe, mara nyingine hata bila jina la tovuti. Aya ya tatu, ile yenye madumu ya mafuta, haifiki Vurra kamwe. Mahali ambapo kufungua habari kuna gharama, kichwa ndicho habari nzima, na hapo ndipo hila ya kuficha jambo hadi msomaji abofye inapogeuka kitu kingine. Aliyesoma "Alichokutwa nacho mama huyu" akaachia hapo haondoki mikono mitupu. Anaondoka na shaka, na kesho yake mama mwingine akipita na furushi, shaka ile imeshapata wa kumwangukia.

Katikati ya 2019 jambo hili lilikuwa la kufa na kupona. Ebola ilikuwa Kivu Kaskazini, nchini Kongo, tangu Agosti 2018. Tarehe 11 Juni 2019 Uganda ilithibitisha mgonjwa wake wa kwanza wa mlipuko huo, mtoto wa miaka mitano, wilayani Kasese. Mwisho wa mwezi huohuo mgonjwa akathibitishwa Ariwara, mji wa soko upande wa Kongo ambako watu wa Arua na Koboko huenda kuuza na kurudi. Alikuwa ametokea Beni, mamia ya kilomita kusini.

Mfikirie sasa mhariri aliye mbali, mwenye ukweli huo mkononi: mgonjwa mmoja, Ariwara, ng'ambo ya mpaka, Arua hakuna. Anaweza kuandika "Mgonjwa wa Ebola athibitishwa Ariwara, Arua bado hakuna". Anaweza pia kuandika "Ebola yabisha hodi Arua". Hicho cha pili huwezi kukiita uongo, na huo ndio ujanja wake: aliyebisha hodi hajaingia. Hakuna mwanasheria atakayemshika. Lakini muuza samaki anayekiona kwenye simu ya jirani yake ana maamuzi ya kufanya asubuhi hiyohiyo. Avuke au abaki? Ampe mteja mkono? Na kama mtoto ana homa, ampeleke kituo cha afya au amfiche ndani wasije wakamtenga? Swali hilo la mwisho ndilo huwanyima usingizi wanaopambana na Ebola, kwa sababu mgonjwa aliyefichwa ndiye huambukiza nyumba nzima. Kichwa cha kwanza kinampa mambo matatu anayoyahitaji: ni wapi, ni wangapi, kwetu bado. Cha pili kinampa hofu na jina la mji wake. Na kwa kumbukumbu, wagonjwa wote waliothibitishwa Uganda katika mlipuko ule walikuwa upande wa Kasese.

Eneo hili lina uzoefu mrefu wa kuwa kichwa cha habari za wengine. Mwaka 1937 watafiti wa homa ya manjano walipata kirusi kipya katika damu ya mwanamke wa Omogo, wilaya ya West Nile wakati huo, wakakipa jina la wilaya. Miaka 62 baadaye kirusi hicho kikazuka New York, watu saba wakafa, na magazeti ya Marekani yakaandika "West Nile" kila siku bila msomaji kujua kama hilo ni eneo la watu au aina ya mbu. Hadi leo ukiliandika jina hilo mtandaoni, mbu hutangulia watu. Koboko nayo imebandikwa Idi Amin na vichwa vya miaka ya 1970 vya magazeti ya ng'ambo, vilivyopenda mno hadithi za kula nyama ya watu, hadithi ambazo hazikuthibitishwa, kana kwamba maovu yaliyothibitishwa hayakutosha.

Lakini tusimwonee mtu wa mbali peke yake. Agosti 2018 habari kubwa ilikuwa Arua penyewe. Mbunge wa manispaa, Ibrahim Abiriga, alikuwa ameuawa kwa risasi Juni mwaka huo huko Matugga, na uchaguzi mdogo ukaitishwa. Tarehe 13 Agosti, siku ya mwisho ya kampeni, Rais na mbunge wa upinzani, Bobi Wine, wote walikuwa mjini, kila mmoja na mgombea wake. Jioni ile serikali ilisema msafara wa Rais umepigwa mawe. Yasin Kawuma, dereva wa Bobi Wine, aliuawa kwa risasi ndani ya gari. Waandishi wawili wa NTV Uganda waliokuwa wakirusha matangazo ya moja kwa moja walikamatwa wakiwa kazini. Kassiano Wadri, mgombea aliyeungwa mkono na Bobi Wine, alishinda uchaguzi ule akiwa kizuizini.

Angalia kilichotokea kwa upande wa habari. Watu walioweza kueleza walichokiona kwa macho yao waliondolewa barabarani. Aliyebaki huru kuandika ni yule aliyekuwa mamia ya kilomita kutoka pale, asiyekuwa na la kuthibitisha wala la kuogopa, na msomaji wa Vurra aliyetaka tu kujua kama barabara ya mjini inapitika alipewa alama za mshangao. Tunaposema viwango vimeshuka, tunazungumza kama vile waandishi walilala wakaamka wavivu. Sehemu ya kushuka huko ilisukumwa. Anayekwenda kwenye tukio ndiye anayepigwa na kukamatwa, na anayetunga kichwa akiwa sebuleni hakuna anayemgusa.

Kisha kuna fedha. Zamani kichwa kiliuza gazeti zima. Aliyelinunua pale stendi ya Arua alilipia kurasa zote, na akikuta amedanganywa, kesho alimkumbuka muuzaji na jina la gazeti. Adhabu ilikuwepo, ingawa ilichelewa. Siku hizi mauzo hukamilika kidole kinapogusa skrini, kabla hujasoma neno, na tangazo limeshahesabiwa. Ukigundua umechezewa, humkumbuki aliyekuchezea, maana tovuti zenyewe zinafanana kama mabati mapya. Mwandishi wa wilayani, anayeijua njia ya Vurra hadi Aru, mara nyingi hulipwa kwa habari moja moja, tena baada ya kuchapishwa, na nauli ni yake. Habari yake ikishafika makao makuu, kichwa kinawekwa na mtu mwingine anayepimwa kwa idadi ya waliobofya. Matusi ya wasomaji humwangukia yule wa wilayani, kwa sababu ndiye wanayekutana naye sokoni.

Nina neno pia kwa magazeti yanayojiona yenye heshima. Soma vichwa vyao: mkuu fulani "ahimiza" wananchi, waziri "asisitiza umuhimu", mbunge "apongeza juhudi". Hivyo navyo vinaficha habari, ila vinaificha kwa kuchosha. Aliyezoea kusoma kwamba kiongozi amehimiza, bila kuambiwa barabara itajengwa lini wala kwa fedha ya nani, haishangazi akikimbilia penye "KIMENUKA!" Angalau kule ameahidiwa jambo. Watu wa udaku waliingia kwenye nafasi iliyoachwa wazi na waliofanya taarifa ya ofisi ya serikali kuwa habari.

Watawala wamejaribu dawa zao. Tanzania, mwaka 2018, iliwataka wenye blogu kulipa zaidi ya shilingi milioni mbili za leseni na ada, na Juni mwaka huo jukwaa la mtandaoni la JamiiForums likalazimika kusimama kwa muda. Umbea wenyewe haukupungua. Uganda ina mfano unaoeleza zaidi. Februari 2014 gazeti la Red Pepper lilichapisha kwenye ukurasa wa mbele majina ya watu liliowaita mashoga, siku moja baada ya Rais kusaini sheria dhidi yao. Watu waliharibiwa maisha, na gazeti likaendelea kutoka. Novemba 2017 lilichapisha habari kwamba Rais Museveni anapanga kumpindua Rais Kagame wa Rwanda. Polisi wakaivamia ofisi, wakawakamata wakurugenzi na wahariri wanane, gazeti likafungwa kwa takriban miezi miwili. Mtu mdogo akiumizwa na kichwa cha habari, ni shauri lake. Januari 2023 Mahakama ya Katiba ilikifuta kifungu cha 25 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta, kilichotumika dhidi ya waliowaudhi wakubwa mtandaoni. Sijui ni mama yupi wa mpakani aliyewahi kukitumia kujitetea.

Kinachofanya kazi vizuri zaidi huku ni kitu cha zamani: redio. Radio Pacis ya Jimbo Katoliki la Arua ilianza kurusha matangazo mwaka 2004, na mwaka 2007 BBC ikaitunuku kuwa redio mpya bora Afrika. Hutangaza kwa Kilugbara na lugha nyingine za eneo. Redio haimtozi msikilizaji MB, haihesabu vidole, na mtangazaji huishi mjini hapahapa; akitangaza kwamba mpaka umefungwa nao haujafungwa, atakutana na waliopoteza siku kabla jua halijazama. Nisiipambe kupita kiasi. Vituo vingine ni mali ya wanasiasa, muda wa hewani hununuliwa, na ile "usiondoke, baada ya matangazo tutakueleza" ni binamu wa "hutaamini". Hata hivyo baada ya matangazo huwa wanaeleza, bila kukulipisha mara ya pili.

Gazeti la mtandaoni nalo linaweza kumtendea mtu wa Vurra haki hiyo bila teknolojia yoyote mpya. Kichwa kitaje mahali, kitaje kilichotokea, kiseme kama kimefika kwetu au hakijafika, na tarehe iwe ndani ya picha ya kichwa ili isalimike hata skrini ikipigwa picha. "Mama azuiwa Vurra na madumu matatu ya mafuta yasiyolipiwa ushuru." Msomaji amepata habari yote bila kufungua, na tovuti haijapata hata senti. Wakubwa wa vyumba vya habari hawaligusi suala hilo la senti, na hadi watakapoligusa, semina za maadili wanazoziendesha hotelini, pamoja na chai na posho, zitaendelea kuwafundisha waandishi wa wilayani ambao hawajawahi kuruhusiwa kuandika kichwa hata kimoja.