Mtoto mwenye jinsi tata: usimfiche, muwahishe hospitali

Wapo watoto wanaozaliwa na viungo vya uzazi ambavyo hata mkunga mzoefu hawezi kusema papo hapo kama ni wa kike au wa kiume. Hali hii huitwa jinsi tata. Wengine huihusisha na laana au kurogwa. Si kweli. Hutokana na vinasaba, kromosomu au homoni, na hata mbwa na mbuzi huzaliwa nayo.

Chanzo kimojawapo kikubwa ni ugonjwa wa kurithi wa tezi zilizo juu ya figo. Tezi hizo hushindwa kutengeneza homoni ya kotisoli ya kutosha, zikazalisha homoni za kiume kupita kiasi. Mtoto wa kike mwenye mfuko wa uzazi na ovari huzaliwa na kinembe kikubwa kinachofanana na uume.

Hatari kubwa ni kwamba wengi wa watoto hawa hupoteza chumvi nyingi kupitia mkojo. Kati ya wiki ya 1 na ya 3 huanza kutapika, kukataa kunyonya, kulegea na kupungua uzito. Ni rahisi kudhani ni maambukizi, na bila tiba mtoto hufa. Wavulana wenye ugonjwa huu huonekana wa kawaida. Kama umewahi kupoteza kichanga wa umri huo bila sababu kujulikana, mweleze daktari.

Anayeishi Ukerewe au Kome, anayetegemea kivuko, asingoje dalili. Mwombe mkunga akague viungo vya mtoto kabla hujaruhusiwa. Kukiwa na shaka, omba rufaa kwenda Bugando, hospitali ya rufaa ya Kanda ya Ziwa. Vipimo vya damu na ultrasaundi husaidia kujua chanzo.

Tiba ya ugonjwa huu ni dawa za kurudishia homoni zinazokosekana, kila siku, maisha yote. Usiziache hata mtoto akinawiri. Akipata homa au kutapika, mrudishe hospitali haraka, kwa kuwa dozi huhitaji kuongezwa.

Wazazi wote wawili wakibeba kinasaba hicho, kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kupata mtoto mgonjwa. Hakuna wa kulaumiwa, si mama wala baba.

Majirani wakiuliza jinsi ya mtoto, jibu kwamba daktari bado anampima. Jina linaweza kusubiri, dawa haiwezi.