Unaishi Nzuguni na unautaka umeya wa Dodoma? Njia yake ni hii

Barabara ya mtaani ni vumbi kiangazi na tope masika. Maji ya mgao. Unajiambia: "2030 nagombea umeya, nalinyoosha hili jiji." Sawa, lakini kuna jambo wengi hawalijui: Tanzania mwananchi hapigi kura ya meya.

Meya anachaguliwa na nani?

Na madiwani, kutoka miongoni mwao, kwa kura ya siri. Dodoma ina kata 41, na Nzuguni ni mojawapo. Kila kata inatoa diwani mmoja. Wanaongezeka madiwani wa viti maalumu na wabunge, hapo Baraza limetimia.

Kwa hiyo safari inaanzia kwenye kata yako. Uwe raia, umri miaka 21 au zaidi, ujue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, na uwe mkazi wa eneo la halmashauri. Lazima pia udhaminiwe na chama, maana mgombea binafsi hakuna.

Ukishinda udiwani, kuna mchujo mwingine: chama chako kikupitishe kuwania umeya, kisha madiwani wenzako wakupe kura. Ukipata, unakaa miaka mitano. Naibu wako anachaguliwa kila mwaka.

Ukishavaa joho, unaweza nini?

Hapa ndipo wengi wanashangaa. Mtendaji mkuu wa jiji si meya, ni mkurugenzi, na anateuliwa na Rais. Barabara za mitaa ziko chini ya TARURA tangu 2017. Maji ni ya DUWASA. Meya anaweza kuwabana, lakini hawezi kuwaamrisha.

Alichonacho ni kiti. Anaongoza Baraza la Madiwani na Kamati ya Fedha na Uongozi. Huko ndiko bajeti, ushuru na sheria ndogo za jiji zinakojadiliwa. Stendi kuu ya mabasi na Soko la Job Ndugai, vyote vipo hapohapo Nzuguni na ni mali ya jiji. Pesa inayokusanywa pale ni mapato ya ndani, na asilimia 10 ya mapato hayo ni ya mikopo: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu.

Halafu kuna ardhi. CDA ilivunjwa Mei 2017 na kazi zake zikahamia halmashauri. Dodoma ikawa jiji Aprili 2018. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956; ya 2022 ikakuta 765,179. Karibu mara mbili ndani ya miaka kumi! Wote hao wanataka viwanja, na migogoro ya viwanja inatua mezani kwa jiji.

Si bora basi meya achaguliwe na wananchi?

Wapo wanaosema hivyo. Ila tazama Kampala. Mwaka 2011 wananchi walimchagua wenyewe Erias Lukwago kuwa Meya Mkuu, lakini utendaji ulikuwa mikononi mwa mkurugenzi aliyeteuliwa na Rais. Wakavutana miaka na miaka. Kura ya moja kwa moja bila mamlaka ya pesa na watendaji haikutosha.

Sasa wewe mpiga kura ufanye nini?

Usiichukulie kura ya diwani kama nyongeza ya kura ya Rais na mbunge. Ndiyo kura yako inayomfikia meya kwa karibu zaidi. Mgombea akija kuomba, muulize maswali matatu: Utampigia nani umeya, na kwa nini? Ushuru wa stendi na soko unataka utumike wapi? Mgogoro wa kiwanja utausukuma vipi ndani ya Baraza?

Akikwepa yote matatu, ujue huyo hata akipata umeya, barabara yenu itabaki na vumbi lake.