Kumfuga Isopodi wa Afrika mjini Kampala

Isopodi wa nchi kavu, ingawa wengi humdhania kuwa mdudu au mtoto wa jongoo, ni krasteshia, yaani yumo katika kundi la kaa na kamba, akitofautishwa na jongoo kwa jozi zake 7 tu za miguu. Kati ya spishi zinazokaribia 4,000, zile za familia ya Eubelidae, ambayo makao yake makuu ni Afrika na ambayo baadhi ya spishi zake hujikunja zikiguswa zikawa kama gololi, ni nadra kuonekana kwa wafugaji, jambo la kushangaza ukizingatia bei wanayolipia isopodi wa mapango ya Thailand.

Kampala, iliyo takribani mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, haimlazimishi mfugaji kutafuta kipasha joto; kazi yote imo katika maji. Isopodi hupumua kwa vibamba vilivyo chini ya tumbo, ambavyo havifanyi kazi vikikauka, na ngozi yake haina tabaka la nta linalowazuia wadudu wasipoteze maji, lakini chombo kikilowa chote na kukosa hewa, hufa vilevile. Kwa hiyo upande mmoja huwekwa udongo wenye unyevu, upande wa pili huachwa mkavu, matundu hutobolewa ubavuni, na katika mvua za Machi hadi Mei unyunyizaji hupunguzwa.

Chakula chake ni majani makavu ya mwembe au mfenesi yasiyopuliziwa dawa, pamoja na vipande vya miti iliyooza, huku dagaa wakavu, wale mukene wa Ziwa Viktoria, wakimpa protini kidogo kila baada ya siku kadhaa. Gamba lake hujengwa kwa kalisi, madini yanayopatikana katika maganda ya mayai, na katika mji wa wauza rolex, ile chapati inayoviringishwa na mayai, maganda hayo hayanunuliwi. Isopodi hujivua gamba kwa awamu mbili, nusu ya nyuma kwanza, kisha ya mbele, na kwa kawaida hulila alilovua. Mfugaji asimguse wakati huo. Jike hubeba mayai katika mfuko ulio chini ya kifua, na watoto hutoka wakiwa na jozi 6 za miguu, ya 7 ikiota baadaye.

Anayewaokota bustanini achukue wachache, na aliyenunua spishi ya ng'ambo asiiachilie kamwe katika kinamasi cha Lubigi wala msitu wa Mabira.